Tamthilia za Kiingereza Mikononi mwa Vijana Wetu: Tusome Kwanza, Kisha Tuhukumu

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake wote.

Ndugu zangu Waislamu, makala haya nayaanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja wa msikiti wetu alinijia akiwa ameshika kitabu chembamba cha Kiingereza. Kilikuwa cha binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne, na mzee alikuwa amekunja pembe ya ukurasa mmoja ili asiupoteze. "Ustadh," aliniambia, "hebu nitazamie hiki. Mwanangu anafundishwa nini huko shuleni?" Niliusoma ukurasa ule, nikakuta maneno ya kijana anayetaka kumbusu msichana kwa mtindo wa Kizungu. Sikusoma ukurasa wa kabla yake wala wa baada yake. Usiku ule ule, katika darsa baina ya Magharibi na Isha, nilisimama nikasema kwamba vitabu vile ni sumu, na kwamba mwenye kumcha Allah hamruhusu mwanawe kuvisoma.

Binti yule alikuwa miongoni mwa wasikilizaji, upande wa wanawake. Alitii. Hakukifungua tena kitabu kile, na siku ya mtihani wa taifa aliliacha swali la tamthilia bila ya jibu. Matokeo yalipotoka, alama yake ya Kiingereza ilikuwa chini ya ile aliyoihitaji kwa chuo alichokikusudia. Baba yake hakunilaumu kwa neno lolote. Aliniuliza jambo moja tu: "Ustadh, hivi kile kitabu kilikuwa kinaishaje?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimekihukumu kitabu nisichokisoma, na hukumu yangu ikamgharimu mtoto wa watu. Kadhi akihukumu kwa kumsikia mshitaki peke yake tutasema amedhulumu. Basi na mimi nilidhulumu. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kitabu chenyewe kinasema nini

Masomo yangu ya juu yote niliyasoma kwa Kiarabu. Kiingereza changu ni cha kujikongoja. Hata hivyo nilikinunua kitabu kile, nikaketi nacho pamoja na kamusi, na kijana mmoja mwalimu wa sekondari anayeswali nasi akanisaidia pale nilipokwama. Ilinichukua wiki mbili.

Kitabu ni *The Lion and the Jewel* cha Wole Soyinka wa Nigeria, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1986. Kisa chake kiko katika kijiji cha Ilujinle. Kuna Sidi, msichana mzuri anayelewa sifa baada ya picha zake kuchapishwa katika gazeti. Kuna Lakunle, mwalimu kijana anayemtaka Sidi lakini hataki kutoa mahari, kwa hoja kwamba mahari ni ushenzi. Na kuna Baroka, mtawala wa kijiji, mzee wa miaka 62 mwenye wake wengi, ambaye naye anamtaka.

Kijana wa busu katika ukurasa uliokunjwa ndiye huyo Lakunle. Nilipokisoma kitabu chote niligundua kwamba mwandishi hamsifu hata kidogo. Anamcheka tangu mwanzo hadi mwisho. Lakunle ni mtu aliyemeza maneno ya vitabuni bila ya kuyatafuna, anayedharau kila cha kwao na kuhusudu kila cha Ulaya, na kijiji kizima kinamwona kichekesho. Yaani ukurasa tulioulalamikia mimi na mzee wangu ulikuwa unakejeli jambo lile lile ambalo sisi tunalichukia: kuiga kwa upofu.

Lakini kuna ukurasa mwingine, ambao mzee hakuukunja. Baroka anaeneza kwa hila khabari kwamba nguvu zake za kiume zimekwisha. Sidi anakwenda kwake ili amdhihaki, naye anamlaghai kwa maneno matamu mpaka anamharibia usichana wake. Mwishoni Sidi anaolewa na Baroka huyo huyo, na kitabu kinafungwa kwa ngoma na shangwe, kana kwamba hila ile ilikuwa ushindi. Hapo ndipo panapohitaji mwalimu makini atakayesimamisha usomaji na kuuliza: Je, huyu msichana aliridhia au alitegwa? Furaha hii ya mwisho ni haki? Mimi nilipiga kelele penye maji ya kifundo cha mguu, nikanyamaza penye kina.

Je, kisa cha kubuni ni kibaya kwa asili yake?

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba tamthilia ni uongo, na uongo ni haramu, basi mjadala umekwisha. Ninawaheshimu, lakini nawakumbusha vitabu vyetu wenyewe. Sisi tuliosoma Kiarabu tulifundishwa *Kalila wa Dimna* ya Ibn al-Muqaffa, ambamo mbweha na simba wanazungumza. Hakuna mwanachuoni aliyetuambia kwamba Ibn al-Muqaffa alidanganya, kwa kuwa msomaji na mwandishi wote wanajua kwamba ule ni mfano.

Tulifundishwa pia *Maqamat* ya Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria. Visa vyake 50 vinamhusu Abu Zayd as-Saruji. Na Abu Zayd ni nani? Ni tapeli. Anazunguka mijini akijigeuza mara maskini, mara muwaidhi, akiwalaghai watu kwa ufasaha wa ulimi wake, na hatubu ila mwishoni kabisa. Kwa karne nyingi masheikh wamekisomesha kitabu hiki kwa vijana ili wajifunze lugha, na hawakuogopa kwamba wanafunzi watatoka matapeli. Walijua kwamba kijana anayesoma mbele ya mwalimu hufundishwa lugha na wakati huo huo hufundishwa kuyatambua maovu.

Na juu ya yote hayo tuitazame Surat Yusuf. Allah atulinde na kuifananisha Qur'ani Tukufu na maneno ya watu. Qur'ani ni haki, na tamthilia ni kazi ya binaadamu. Ninachokitafuta hapa ni adabu ya kusimulia. Sura hiyo haikuficha kwamba mke wa mheshimiwa alimtamani kijana aliyelelewa nyumbani kwake, akafunga milango na kumwita. Watoto wetu wanaihifadhi wakiwa na umri wa miaka kumi. Lakini simulizi haikukaa katika tamaa. Ilipita kwa heshima ikaenda kwenye kanzu iliyochanwa, kwenye ushahidi, kwenye jela, na kwenye siku ambayo mwanamke yule alikiri mwenyewe. Ovu limetajwa, halikupambwa, na msomaji anajua nani alikuwa msafi. Basi kutaja ovu si sawa na kulisifu. Hiki ni kipimo kikubwa, nami nitakirejea.

Vipimo vinne

Baada ya yaliyonipata nimekaa na walimu wa Kiingereza, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, nikawauliza wao huchaguaje. Kutokana na mazungumzo hayo nimejiwekea vipimo vinne ambavyo mzazi yeyote anaweza kuvitumia.

Cha kwanza ni lugha. Kwa wengi wa watoto wetu Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu. Kitabu kikiwa kizito kupita kiasi, mwanafunzi hakisomi. Hununua vijitabu vya muhtasari na kukariri majibu, kisha huingia katika mtihani bila ya kuonja hata sentensi moja ya mwandishi. Kitabu chepesi kilichosomwa chote ni bora kuliko kitabu kikubwa kilichokaririwa.

Cha pili ni mwisho wa kisa. Tusiulize tu kama mna dhambi ndani yake; tuulize dhambi hiyo imeachwa wapi. Je, mwenye kudhulumu ametoka akipigiwa makofi? Je, aliyedhulumiwa amesikilizwa? Na ikiwa mwandishi ameuacha mlango wazi, mwalimu ameandaa maswali gani?

Cha tatu ni kama kisa kinagusa jambo ambalo kijana analo nyumbani kwao. Kijana wa miaka 16 anayafikiri mambo ya ndoa, fedha, kabila, wazazi, na haki. Akipata kitabu kinachozungumza hayo, atasema mwenyewe, tena kwa Kiingereza, kwa sababu ana la kusema.

Cha nne ni sauti. Tamthilia imeandikwa ili isemwe, si ili isomwe kimya. Darasani mtoto mmoja atakuwa mume na mwingine mke, na mara nyingi wavulana na wasichana wako pamoja. Mwalimu asome kitabu chote kabla ya kugawa nafasi, ajue ni maonesho gani yatasomwa kwa sauti, yapi yatasimuliwa kwa ufupi, na nani hatalazimishwa kutamka yanayomtia haya. Haya ni katika imani, na haya ya mtoto si ya kuvunjwa kwa ajili ya alama.

Orodha na nafasi iliyomo ndani yake

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili. Kwa miaka mingi orodha ya tamthilia za Kiingereza za kidato cha nne hapa Tanzania ilikuwa na vitabu vinne: hicho cha Soyinka, *Three Suitors: One Husband* cha Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, na viwili vya Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, *The Black Hermit* na *This Time Tomorrow*. Swali la mtihani lilimtaka mtahiniwa atumie viwili tu. Maana yake ni kwamba uchaguzi ulikuwepo siku zote. Mzee wangu na mimi tulikuwa tunagombana na mlango uliofungwa, na pembeni yake kulikuwa na mlango ulio wazi ambao hatukuusukuma. Lau tungekwenda kwa mwalimu tukamwomba kwa heshima, binti yule angeweza kusoma viwili vingine na kujibu swali lake.

Tuvipime basi. Katika *Three Suitors*, binti aitwaye Juliette anarudi kijijini kutoka shuleni na kukuta kwamba baba yake, Atangana, amekwisha pokea faranga 100,000 kutoka kwa mkulima anayetaka kumwoa. Anakuja mtumishi wa serikali na faranga 200,000, ukoo unazipokea hizo nazo. Hakuna aliyemuuliza Juliette. Yeye anampenda mwanafunzi asiye na kitu. Baba mmoja aliniambia kwamba kitabu hiki kinawafundisha watoto kuwaasi wazazi, na kweli Juliette anashiriki katika kuziiba fedha zile na kumpa mchumba wake ili azitoe kuwa mahari. Wizi ni wizi, na mwalimu aseme hivyo bila ya kumung'unya maneno.

Lakini tujiulize: kitabu kinamshambulia nani? Kinamshambulia baba anayemuuza binti yake kwa mnada. Na sisi sheria yetu inasemaje? Surat An-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha kwamba mahari apewe mwanamke mwenyewe, si baba wala ukoo. Na imepokewa na Al-Bukhari kwamba Khansaa bint Khidaam alipoozwa na baba yake bila ya ridhaa yake, Mtume (s.a.w.) aliirudisha ndoa hiyo. Ndugu zangu, wangapi kati yetu tunakula mahari ya mabinti zetu na kuita ada? Nachelea kwamba baadhi ya wazazi wanakichukia kitabu hiki si kwa sababu kinapingana na dini, bali kwa sababu kinakubaliana nayo.

*The Black Hermit*, kilichooneshwa Kampala mwaka 1962 katika sherehe za uhuru wa Uganda, kinamhusu Remi, kijana wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu. Ndugu yake anafariki, na mila inamtaka amrithi mjane, Thoni. Remi anakimbilia mjini. Anaporejea kuja kupiga vita ukabila kwa maneno makali, Thoni anajiua. Hapa pana mafunzo mawili makubwa. Aya ya 19 ya sura hiyo hiyo imekataza kuwarithi wanawake kwa kulazimisha, na Remi ni mfano wa msomi anayependa taifa zima lakini hana huruma kwa mtu mmoja aliye mbele yake. Hata hivyo kujiua kwa Thoni ni jambo la kuzungumzwa kwa uangalifu na vijana. Huenda mmoja wao ana dhiki moyoni ambayo mwalimu haijui.

*This Time Tomorrow* ni kifupi, kinazungumzia kubomolewa kwa vibanda vya maskini jijini Nairobi, na lugha yake si ngumu. Ningekuwa mzazi wa kuchagua, ningeanza na hiki pamoja na kile cha mahari.

Mtaala mpya umeanza kutekelezwa nchini kuanzia mwaka 2024, na orodha za vitabu hubadilika. Vipimo havibadiliki. Orodha yoyote itakayokuja, tuisome kwa vipimo hivyo.

Kitabu ambacho ningependa shule zetu zikijue

Shule zetu za Kiislamu zina maktaba na zina vikundi vya wanafunzi vya usomaji. Nje ya orodha ya mtihani hakuna anayetuzuia. Ninapendekeza *The Sultan's Dilemma*, tafsiri ya Kiingereza ya tamthilia ya Tawfiq al-Hakim wa Misri, aliyoitoa kwa Kiarabu mwaka 1960. Denys Johnson-Davies aliifasiri, na imo katika mkusanyo uitwao *Fate of a Cockroach*. Al-Hakim hakuwa sheikh, na si kila alichoandika ninakiunga mkono. Lakini kisa hiki kinafaa.

Sultani wa Kimamluki anagundua kwamba yeye bado ni mtumwa kisheria, kwa kuwa bwana wake alifariki kabla ya kumwacha huru. Waziri anamshauri atumie upanga kuwanyamazisha wasemaji. Kadhi anamwambia kwamba sheria inataka auzwe hadharani kisha aachwe huru. Sultani anahangaika, halafu anachagua sheria. Ananunuliwa na mwanamke ambaye watu wa mji humsema vibaya, naye anakubali kumwacha huru itakapoadhiniwa Alfajiri. Usiku wa manane Kadhi yule yule, aliyekuwa mkali wa sheria, anamwamuru muadhini aadhini Alfajiri kabla ya wakati wake ili muda uishe upesi. Sultani anaikataa hila ile. Mwenye upanga anakuwa mwaminifu kwa sheria kuliko aliyeisoma.

Kisa hiki kinatukumbusha tukio lililo katika tarekhe yetu: Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alitoa hukumu kwamba maamiri wa Misri walikuwa bado watumwa wa hazina ya Waislamu, na hawakuwa na njia ila kuuzwa na kuachwa huru. Kijana atakayesoma tamthilia ile kwa Kiingereza na tarekhe ile kwa Kiarabu au Kiswahili atatoka na lugha na fahari pamoja.

Kuziba mlango, au kukaa mlangoni?

Najua atakayesema: Ustadh, kanuni ya kuziba njia za uovu iko wapi? Ipo, na ninaiamini. Lakini wanachuoni waliotufundisha kanuni hiyo wametufundisha pia kupima madhara mawili na kuepuka lililo kubwa. Tukimkataza binti kitabu kilichomo darasani, chenye mwalimu, chenye maswali, na kinachosomwa mchana mbele ya wenzake, tumemzuilia njia ya chuo. Wakati huo huo simu iliyo chini ya mto wake inamsimulia usiku visa ambavyo havina mwalimu wala mwisho. Mlango wa kwanza tumeuziba kwa kishindo, na wa pili tumeununulia vocha wenyewe.

Rai yangu basi ni hii. Mzazi aombe orodha ya vitabu mwanzoni mwa mwaka, si baada ya kukuta ukurasa mbaya. Asiyejua Kiingereza amwambie mwanawe amsimulie kisa chote kwa Kiswahili jioni. Ni mazungumzo mazuri ya baba na mwana, na mtoto atafahamu zaidi kwa kusimulia. Waislamu wenye nafasi katika kamati na bodi za shule wahudhurie vikao na wawasikilize walimu, kwani wengi wa walimu hao wanafurahi wakiulizwa kwa adabu. Na sisi maustadhi na maimamu, tusipande mimbari na kitabu ambacho hatujafika ukurasa wake wa mwisho. Surat Al-Hujurat imetuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, nasi tukajuta. Nilikuwa nikiifundisha aya hiyo kila mwaka.

Kauli yangu niliirekebisha katika darsa lile lile, mbele ya watu wale wale. Binti yule alirudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na safari hii baba yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza akisoma. Siku moja mzee alinisimamisha mlangoni mwa msikiti, akaniambia kwamba sasa anajua vile vitabu vinaishaje, na kwamba mahari ya bintiye, Allah akijaalia, ataitia mkononi mwake mwenyewe.

Tunamwomba Allah atupe elimu yenye manufaa, atuhifadhie watoto wetu, na atusamehe tuliyoyasema bila ya ujuzi. Wallahu a'lam.